Umeona Nini Hata Ukasema Hivyo? Jumba la Sanaa, Kijana wa Shule na Kazi ya Lugha

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna majumba ya sanaa, hasa yale ya Marekani na Uingereza ambayo yameishika kazi hii kwa muda mrefu, yanavyowakaribisha vijana wa shule kwenye sanaa ya wakati wetu. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo hili lijadiliwe katika jarida la lugha, wala si katika jarida la wachoraji. Jibu letu ndilo hoja ya makala yote: kazi inayotendeka hasa mbele ya picha, kijana anapokuwa pamoja na mwongozaji wake, ni kazi ya lugha. Kijana hatakiwi kuchora. Hatakiwi hata kuipenda picha yenyewe. Hutakiwa kusema anachokiona, kuutaja ushahidi wa alilolisema, kumsikiliza mwenziwe aliyeona vingine, na kulirekebisha neno lake pale inapobidi. Ikiwa ni hivyo, basi kufaulu na kutofaulu kwa mafunzo hayo kunategemea sana jinsi swali linavyoundwa, na lugha ambayo jibu linatolewa. Mambo hayo ni yetu sisi wanaisimu na walimu wa lugha, na hatuna budi kuyashughulikia.

Tutaanza kwa kuzichambua istilahi chache. Kisha tutaeleza asili ya njia ya kuuliza maswali, tutazame inakuwaje maswali hayo yakiulizwa kwa Kiswahili, na tuonyeshe mipaka yake. Baadaye tutagusia mabaraza ya vijana na ziara za shule, na mwishowe tutauliza yote hayo yana maana gani kwa shule za Kenya.

2. Istilahi

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha. Kwa asili yake, basi, ni mahali pa vitu vinavyotukumbusha mambo yaliyopita. Maana hiyo yaifaa sana Fort Jesus ya Mombasa, au chumba chenye mafuvu ya watu wa kale. Lakini haikai vyema tunapozungumzia jengo ambamo hutundikwa kazi ya msanii aliye hai, ambayo pengine rangi yake haijakauka sawasawa. Hapo hakuna cha kukumbukwa bado. Kuna cha kutazamwa kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo tutatumia jumba la sanaa.

Neno la pili ni kisasa. Wanahistoria wa sanaa wa Ulaya hutenganisha nyakati mbili: ule ulioanza karibu na nusu ya pili ya karne ya 19 na kuendelea hadi miaka ya 1960 hivi, na ule uliofuata hadi leo. Kiswahili huzifunga nyakati zote mbili katika neno moja, sanaa ya kisasa, na juu ya hayo neno hilo hubeba sifa. Kisasa ni kinyume cha kizamani na cha kienyeji. Mwanafunzi alisikiapo hudhani kwamba anaelekezwa kwenye kilicho bora, au kilicho cha Kizungu. Hapa tutasema sanaa ya leo, tukiwa na maana ya kazi za wasanii wanaoishi sasa au waliofanya kazi katika miongo ya karibuni, popote walipo. El Anatsui, aliyezaliwa Ghana mwaka wa 1944 na kufanya kazi kwa miaka mingi huko Nsukka, Nigeria, huunganisha kwa nyaya maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe hata vikawa kama shuka kubwa la kuning'inizwa. Hiyo ni sanaa ya leo, na haina Uzungu wala ukale.

Neno la tatu ni kijana. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 humhesabu kijana kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajatimiza 35. Majumba ya sanaa, kwa upande wao, hushughulika zaidi na wale wa miaka 13 hadi 19. Tutawaita vijana wa shule. Umri huu una tatizo lake: mtoto wa miaka saba husema lolote lililomjia, ila kijana wa miaka kumi na mitano amekwisha kujifunza kuogopa kuchekwa. Tena amekaa darasani kwa miaka mingi akizoea kwamba kila swali la mwalimu lina jibu moja, na kwamba mwalimu analo jibu hilo mfukoni.

3. Kutoka maelezo hadi swali

Jumba la Museum of Modern Art la New York lilifunguliwa mwaka wa 1929. Mwaka wa 1937 mwalimu wa sanaa Victor D'Amico alianza huko kazi ya kuwahudumia wanafunzi, akaisimamia hadi mwaka wa 1969. Imani yake ilikuwa kwamba mtoto huijua sanaa kwa kuitenda. Kwa hiyo alifungua vyumba ambamo watoto na vijana waliunda vitu kwa mikono yao, pamoja na ukumbi wa vijana wa kuonyeshea kazi. Njia hiyo ilistawi, na mpaka sasa ingali hai katika majumba mengi. Hata hivyo iliacha swali moja bila jawabu: yule asiyeunda kitu, ambaye amekuja kutazama tu, anafundishwaje kutazama?

Kwa muda mrefu jawabu lilikuwa maelezo. Mwongozaji alisimama mbele ya picha akawaambia wageni jina la msanii, mwaka, mtindo na maana. Philip Yenawine, aliyeongoza elimu katika jumba hilo kuanzia mwaka wa 1983 hadi 1993, alikabiliwa na jambo la kufadhaisha: wageni walipoulizwa baada ya maelezo hayo, ilionekana kwamba wamebaki na machache mno, ijapokuwa waliyafurahia walipokuwa wakiyasikiliza. Ndipo akashirikiana na mwanasaikolojia Abigail Housen, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwarekodi watu wakiwa mbele ya picha, akiwataka waseme tu kila wanachokiona na kila kinachowapitia akilini. Yafaa tulitilie mkazo jambo hili: data ya Housen ilikuwa usemi. Kutokana na usemi huo alidai kwamba watazamaji hupitia hatua tano, na kwamba watu wengi wako katika zile za mwanzo. Katika hatua ya kwanza mtazamaji huwa msimuliaji. Huichukua picha kama hadithi na kuijaza kwa mambo ya maisha yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akipewa maelezo ya mtindo na historia, maelezo humpita, kwa kuwa hayajibu swali lolote alilo nalo.

Kutokana na ushirikiano huo ilizuka njia ambayo wenyewe waliiundia shirika mwaka wa 1995, nayo imeenea katika majumba na shule nyingi. Msingi wake ni maswali matatu. La kwanza huuliza ni nini kinachotendeka katika picha. La pili humtaka aliyejibu ataje alichokiona kilichomfanya aseme hivyo. La tatu huwauliza wote ni nini zaidi kinachoweza kupatikana. Mwongozaji hasemi kwamba jibu ni sahihi au ni kosa. Hukionyesha kwa kidole kile kilichotajwa, hulirudia jibu kwa maneno mengine, na huliunganisha na la mwingine aliyetangulia. Sanaa ya leo yaifaa njia hii kuliko sanaa nyingine, kwa kuwa maana yake haijatulia, na mwongozaji naye aweza kusema kwa haki kwamba hana jibu mfukoni.

4. Maswali hayo yakiwa ya Kiswahili

Tukiyahamisha maswali haya neno kwa neno, tutapata Kiswahili kigumu na kazi yake itapotea. Hatuna budi kuyaunda upya.

Tuanze na la kwanza. Jambo la kawaida lingekuwa kusema “Kuna nini?” Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku “Kuna nini?” ni swali la mtu aliyesikia kelele, huulizia msiba au ugomvi. Kiswahili kimetujalia mahali pa aina tatu, na hapa ngeli ya mu- yatufaa zaidi: “Mna nini pichani humu?” Swali hilo humwingiza mtazamaji ndani ya picha kana kwamba ni chumba. “Pana nini hapa?”, kwa upande wake, humweka juu ya uso wa picha, penye rangi na mistari. Maswali hayo mawili si sawa. Mwongozaji stadi angeweza kuanza na la kwanza mbele ya picha yenye watu, na kuanza na la pili mbele ya picha isiyo na umbo linalotambulika.

Swali la pili ndilo moyo wa njia yote. Mwalimu wetu angelisema “Kwa nini unasema hivyo?”, au akishangaa, “Mbona unasema hivyo?” Mbona huleta ukinzani na lawama, anayeulizwa hujitetea. Kwa nini ni afadhali, lakini mwanafunzi amelizoea kinywani mwa mwalimu wa zamu: kwa nini umechelewa, kwa nini hukufanya zoezi. Yote mawili humtafuta msemaji. Swali tunalolitaka halimtafuti msemaji bali huitafuta picha: “Umeona nini hata ukasema hivyo?” Hapa hata ikifuatwa na -ka- huonyesha kwamba usemi ulizaliwa na kuona, na jibu linalotarajiwa ni kitu au mahali: mkono ule, pale pembeni, ile rangi nyekundu. Kijana huondoka katika kujitetea, akaingia katika kuthibitisha.

La tatu nalo lina mtego. “Kuna nini kingine?” lasikika kama kwamba yaliyosemwa hayatoshi. “Tuone nini zaidi?” ni bora, kwani nafsi ya kwanza wingi humhesabu mwongozaji kuwa mmoja wa watafutaji, na kuyafanya majibu yaliyokwisha kutolewa kuwa mali ya wote.

Zaidi ya maswali, mna kazi ya kulirudia jibu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana anasema, “Anaogopa.” Mwongozaji anarejea: “Mwenzenu aona kwamba huenda mtu huyu ana hofu, kwa kuwa mabega yake yamejikunja.” Katika sentensi moja kijana amepewa huenda, amepewa hofu, na amepewa kiunganishi cha sababu, wala hakuambiwa kwamba amekosea. Ikiwa kijana amejibu kwa Sheng, mwongozaji hurejea kwa Kiswahili sanifu bila ya kukemea, na maana ya jibu hubaki heshima yake mwenyewe. Baada ya vikao kadhaa vijana huanza kuyatumia wenyewe maneno ya makadirio kama huenda, yamkini na pengine. Msamiati huo ni wa mtu anayepima ushahidi, na sote tunajua jinsi ulivyo adimu katika insha za mitihani.

Pana jambo jingine ambalo ni la pekee katika lugha zetu za Kibantu. Mwaka wa 2019 Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1972, aliweka sanamu nne za shaba mbele ya jumba la Metropolitan la New York, katika vishubaka vilivyokuwa vitupu tangu sehemu hiyo ya jengo ilipokamilika mwaka wa 1902. Sanamu hizo zimekaa. Zina umbo la kike, miili imezungukwa na mizingo kama ya kamba, na kila moja ina kisahani king'aacho kichwani au usoni. Kijana anayezieleza kwa Kiswahili hawezi kumaliza sentensi yake ya kwanza kabla ya kuamua: amekaa, au imekaa? Akisema amekaa, amekwisha kuipa sanamu uhai. Akisema imekaa, ameinyima. Upatanisho wa kisarufi umekuwa tafsiri. Mwongozaji anayeijua lugha yake aweza kusimama hapo akauliza: “Wewe umesema amekaa, na mwenzako kasema imekaa. Mmeona nini hata mkasema hivyo?” Hakuna kitabu cha mwongozo cha New York kitakachomfundisha swali hilo.

5. Mipaka ya swali

Isidhaniwe kwamba swali peke yake latosha. Njia hii imelaumiwa, na kwa haki, kwamba ikishikwa kwa ukali humwacha kijana juu juu, akisema mengi kuhusu kitu ambacho hakijui. Sanaa ya leo mara nyingi huegemea habari ambayo jicho haliwezi kuipata.

Mfano ulio karibu na fani yetu ni kazi ya Doris Salcedo, msanii wa Kolombia. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Aprili 2008 sakafu ya ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, ilikuwa na ufa wenye urefu wa mita 167, ulioanza kama unywele kisha ukapanuka na kuwa bonde dogo. Kijana akiulizwa pana nini hapo, atasema tetemeko, mto uliokauka, au ajali ya wajenzi. Majibu hayo yana ushahidi, lakini hayatafika mahali hadi aambiwe jina la kazi: Shibboleth. Neno hilo limo katika sura ya 12 ya Kitabu cha Waamuzi. Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka walimwamuru atamke Shibolethi. Mwefraimu alisema Sibolethi, kwa kuwa hakuweza kuitamka sawasawa, naye aliuawa. Kitabu husema walikufa watu 42,000. Salcedo aliitumia habari hiyo kuwasemea wahamiaji na wote wanaobaguliwa katika Ulaya.

Mwanaisimu anaona mara moja uzito wa jambo hili: tofauti ya fonimu moja iligawa uhai na mauti. Kijana wa Kenya naye ataliona upesi. Dholuo, kwa mfano, haina /sh/. Nazo lugha nyingine zetu zina mapengo yao, na mtu hutambulikana kwao mara afunguapo kinywa. Katika miezi ileile ambayo ufa wa London ulikuwa wazi, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini mwetu, na palikuwa na vizuizi vya barabarani ambapo wasafiri walidaiwa vitambulisho ili kabila lao lijulikane. Msanii hakuikusudia Kenya. Lakini kijana wetu akiisha kuambiwa jina na kisa chake, kisha akaulizwa tena “Tuone nini zaidi?”, atakuwa na la kusema ambalo mwongozaji wa London hakulitazamia.

Hivyo utaratibu unaofaa ni wa hatua tatu: kwanza kutazama na kusema bila ya kuarifiwa, kisha kuarifiwa kwa ufupi, kisha kutazama tena. Habari ikitangulia, huua swali. Isipotolewa kabisa, humdhulumu kijana. Majumba mengi yamejifunza kuyachanganya hayo mawili, na ustadi wa mwongozaji ni kujua wakati wa kuitoa habari.

6. Mabaraza ya vijana

Njia ya pili ya majumba ya sanaa ni kuwapa vijana wachache nafasi ya kudumu ndani ya jumba. Walker Art Center la Minneapolis lilianzisha baraza lake la vijana mwaka wa 1996. Whitney la New York lilianza mpango wake mwaka wa 1997, na Contemporary Arts Museum la Houston likafuata mwaka wa 1999. Wajumbe wa mabaraza hayo hukutana kila wiki kwa mwaka mzima au zaidi. Huzungumza na wasanii wanaoonyesha kazi zao, huandaa maonyesho na jioni za vijana wenzao, huandika maelezo ya kazi, na huwaongoza wageni. Katika baadhi ya majumba hulipwa ujira, ili yule anayehitaji kufanya kibarua baada ya masomo asizuiliwe kujiunga.

Mwaka wa 2015 Whitney, Walker, jumba la Houston na lile la sanaa ya leo la Los Angeles yalitoa uchunguzi wa pamoja juu ya waliopitia mipango hiyo miaka mingi kabla. Wengi wao walisema kwamba walipata kujiamini, kwamba waliendelea kushikamana na sanaa hata walipokuwa na kazi nyingine, na kwamba jumba la sanaa liliacha kuwa nyumba ya watu wengine. Ushahidi huo una thamani, ila tuupime kama tunavyopima ushahidi wowote. Walioulizwa ni wale waliochaguliwa au waliojitokeza wenyewe, na baraza moja huwa na vijana wachache sana. Baraza hubadilisha maisha ya wachache kwa kina. Haliwezi kuifikia shule nzima.

Kwa upande wa lugha, jambo kubwa la mabaraza haya ni kwamba kijana hubadilisha nafasi katika mazungumzo. Aliyekuwa akiulizwa sasa ndiye anayeuliza. Anayeandika kibandiko cha maneno machache, kitakachosomwa na mgeni asiyemjua, hujifunza kuchagua neno kuliko aandikaye insha ya kusomwa na mwalimu mmoja.

7. Ziara ya shule

Je, ziara moja ya saa moja yaweza kufaa kitu? Wakuu wengi wa shule huiona kuwa ni matembezi. Kwa bahati pana uchunguzi mmoja uliofanywa kwa uangalifu. Jumba la Crystal Bridges lilifunguliwa Novemba 2011 katika mji wa Bentonville, Arkansas. Huonyesha sanaa ya Marekani, ya zamani na ya leo. Ziara za shule zililipiwa gharama zote, hata basi na chakula, na maombi yakawa mengi kuliko nafasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas wakashauri kura ipigwe: shule zilizopata kura zilizuru mapema, na zilizokosa zilingoja na kuwa kipimo cha kulinganishia. Wanafunzi 10,912 wa shule 123 walihusika, na matokeo yalitangazwa mwaka wa 2013.

Tuangalie namna walivyopima. Wiki kadhaa baada ya ziara wanafunzi walionyeshwa picha ambayo hawakuwa wameiona kamwe, wakatakiwa waandike insha fupi wakijibu maswali mawili: wanadhani ni nini kinachotendeka pichani, na wameona nini kinachowafanya wadhani hivyo. Hayo, msomaji atatambua, ni maswali yaleyale tuliyokwisha kuyajadili. Insha zilisahihishwa na watu wasiojua ni nani aliyezuru na ni nani ambaye hakuzuru. Waliozuru walifanya vizuri zaidi. Tofauti kwa jumla haikuwa kubwa. Lakini kwa wanafunzi wa mashambani na wa shule za watu maskini faida ilikuwa mara mbili hata mara tatu ya ile ya jumla. Aidha waliozuru waliendelea kukumbuka habari walizozipata katika mazungumzo, ingawa hawakutahiniwa, na walielekea zaidi kurudi wakiwa na jamaa zao.

Matokeo hayo yatufundisha mambo mawili. Kwanza, faida iliyopimwa ni ya lugha: uwezo wa kuandika hoja yenye ushahidi juu ya kitu kigeni. Pili, anayefaidika zaidi ni yule aliye mbali na jumba, yaani yule ambaye hupelekwa mara chache kuliko wote.

8. Hali yetu

Kenya haikosi sanaa ya leo wala mahali pa kuionyesha. Paa ya Paa, ambayo Elimo Njau alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, imekuwako Nairobi tangu mwaka wa 1965. Jengo la Nairobi Gallery lina mkusanyo wa Joseph Murumbi. Mwaka wa 2020 mchoraji Michael Armitage alianzisha taasisi ya sanaa ya leo jijini humohumo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2017, umeweka sanaa pamoja na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za shule ya sekondari ya juu. Mahali pakiwapo na mtaala ukiwapo, kinachobaki ni mazungumzo, nayo hayatakuja yenyewe.

Taabu ni kwamba mahali hapo karibu pote ni Nairobi. Mwanafunzi wa Mandera au wa Kwale hatafika huko kwa urahisi. Lakini ikiwa hoja yetu ni sahihi, kwamba kiini cha kazi ni swali, basi kazi yaweza kuanza kabla ya safari. Kila kijiji cha pwani, na siku hizi karibu kila wilaya ya bara, kina kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ni picha iliyobeba maneno, na maana ya maneno hubadilika kwa kadiri ya aliyeivaa na anayeonyeshwa. Mwalimu akiitundika ubaoni akauliza “Mna nini humu?”, kisha “Umeona nini hata ukasema hivyo?”, atakuwa ameanza kazi ileile inayofanywa New York, kwa kitu ambacho wanafunzi wenyewe wana haki ya kukisemea. Baada ya hapo picha iliyochapishwa ya kazi ya Anatsui au ya Mutu haitawatisha.

Idara za lugha zina mchango wa aina mbili. Kwanza ni kuyajaribu maswali haya darasani kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi, kuyarekodi majibu kama alivyofanya Housen, na kuyachambua: ni upatanisho gani hutumiwa, maneno ya makadirio huingia lini, kijana huhama lini kutoka hadithi hadi ushahidi. Pili ni kukusanya msamiati wa kuelezea kinachoonekana, yaani maneno ya rangi, nakshi, mng'ao, mikunjo na umbile, ambao mafundi wa milango ya Lamu, wafumaji wa mikeka na wafinyanzi wanao tayari, ilhali kamusi zetu zina sehemu yake tu.

Jumba la sanaa limegundua, baada ya miaka mingi ya kueleza, kwamba kijana hujifunza kutazama anapotakiwa kusema, na kusema kwake kukadaiwa ushahidi. Ugunduzi huo umefanywa kwa Kiingereza na kwa picha za wengine. Hakuna kizuizi cha kisarufi kinachoukataza kufanywa kwa Kiswahili. Kinyume chake, tumeona kwamba ngeli zetu na vielezi vyetu vya mahali vina maswali ambayo Kiingereza hakiwezi kuyauliza. Kilichobaki ni kuyauliza.